Chini ya Hiyo Rangi Kuna Nini? Historia ya Kuta za Mji wa Kale

Siku ukipita Ndia Kuu jioni ukienda zako kula viazi karai, fanya hivi: weka kiganja kwenye ukuta wa nyumba yoyote ya zamani, halafu utazame mkono wako. Ukitoka na unga mweupe, umegusa chokaa. Ukitoka na ganda la rangi, kama ngozi ya mtu aliyebabuka na jua, umegusa rangi ya maji iliyopakwa juu ya chokaa bila mtu kuusafisha ukuta kwanza. Na ukiona chembe ndogo nyeupe zinazomeremeta, hiyo ni chumvi, imetoka ndani ya ukuta wenyewe. Usionje. Mbele huko nitakwambia kwa nini.

Mimi hili somo sikulipata darasani. Nililipata kwa aibu. Tulikuwa vijana wanne, tukaamua kupaka rangi ukuta wa uani nyumbani kwa nyanya wa mwenzetu, Kibokoni. Tukanunua ndoo ya rangi, tukatafuta wimbo mzuri wa kuwekea video, tukapaka asubuhi moja tu. Ukuta ukapendeza kweli kweli. Video nayo ikatembea. Masika ilipoingia, rangi ikaanza kuvimba kama chapati, ikapasuka, ikaning'inia. Nyanya hakusema kitu. Alichukua ufagio tu akafagia maganda, kila siku, mbele yetu. Hiyo ndiyo iliyouma.

Fundi mmoja mzee wa mtaani alipita akacheka. Akatuambia, "Mumepaka vumbi rangi. Rangi imeshika vumbi, na vumbi halikushika ukuta. Sasa munalia nini?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu kuta za huu mji. Na nimefika mahali naamini kitu kimoja ambacho kwa wengine kitaonekana kidogo: Mji wa Kale wa Mombasa unaharibika kwa kupakwa rangi. Si kwa kuachwa tu, hapana. Kwa kupakwa rangi vibaya, haraka, na watu wanaopenda upendeze. Sisi tukiwemo.

Tuanze mbali kidogo. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akaandika kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Ukija mwaka 1498, Vasco da Gama anafika pwani hii, na aliyekuwa akiandika habari za safari yake anasema nyumba za Malindi ni ndefu, zina madirisha mengi, na zimepakwa chokaa vizuri. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida wakaivamia Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Hata kwenye maelezo ya uvamizi ule mmoja wao anasimulia mji wenye vichochoro vyembamba na nyumba za mpaka ghorofa tatu, zote zimepigwa chokaa. Yaani adui alikuja kuchoma, na bado aliuona weupe wa kuta zetu akauandika.

Sasa ule weupe haukutoka dukani. Ulitoka baharini. Mafundi walichukua mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakachoma kwa moto mkali mpaka jiwe likabadilika kabisa. Lile jiwe lililochomwa ukilitia maji linachemka na kufoka lenyewe, halafu linatulia na kuwa uji mweupe. Ndiyo maana tunasema kuzima chokaa. Ule uji ukiuchanganya na mchanga unapata lipu. Ukiuzidishia maji unapata kitu cha kupaka.

Na hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolielewa. Chokaa ikishapakwa ukutani, inavuta hewa ile ile tunayoitoa puani, kaboni dayoksaidi, na polepole inarudi kuwa jiwe. Kikemia inakuwa kitu kile kile ilichokuwa baharini kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa ni jiwe lililovishwa jiwe la aina yake. Haziwezi kugombana.

Ndiyo maana babu zetu hawakuwa na kazi kubwa ya kusafisha ukuta kabla ya kupaka upya. Unapiga ufagio mgumu kuondoa kile kinachopukutika, unanyunyiza maji ukuta ulowe kidogo, unapaka tabaka jepesi, unangoja, unapaka jingine. Chokaa mpya inashikana na ya zamani kwa sababu ni ndugu mmoja. Chokaa pia haipendwi na kuvu wala vijidudu, na weupe wake unarudisha jua lilikotoka. Kwa mji wenye joto la Mombasa, hayo ni mambo ya maana kabla hata hujazungumza habari ya uzuri.

Jambo la mwisho la chokaa, na ndilo linalobeba kila kitu: inapumua. Jiwe la matumbawe limejaa vijitundu. Linanyonya maji kutoka ardhini, linanyonya unyevu wa bahari, na ndani ya hayo maji mna chumvi. Ukuta wa chokaa unayaachia maji yatoke nje kama jasho. Ukiwa umevaa shati la pamba, jasho linakauka. Ukivaa koti la mvua mchana wa Februari hapa Mombasa, si unajua utakavyokuwa?

Basi karne ya 20 ikatuletea koti la mvua.

Haikuwa siku moja. Rangi za mafuta za kwenye makopo zilikuja na meli wakati wa ukoloni, zikaanza kwenye milango, madirisha na roshani. Mwaka 1951 kampuni ya Bamburi ikaanzishwa, na mwaka 1954 kiwanda chake cha saruji hapo nje ya kisiwa kikaanza kazi. Saruji ikawa karibu, ikawa nguvu, ikawa usasa. Ukuta wa matumbawe ukipasuka, unazibwa kwa saruji. Baadaye rangi ya maji, ambayo jina lake linadanganya kwa sababu ikikauka inakuwa utando wa plastiki, ikachukua nafasi ya chokaa. Nani angebaki kuhangaika na pipa la chokaa kila mwaka, na hapo dukani kuna ndoo ya rangi unayoichagua kwenye kitabu?

Siwalaumu. Chokaa inachafua nguo, inachoma macho, inataka kurudiwa. Lakini angalia kilichotokea ukutani. Maji bado yanapanda kutoka chini. Yakifika juu yanakuta plastiki. Yanajikusanya nyuma yake, yanaiacha chumvi pale pale, chumvi inakauka na kuwa fuwele, na fuwele zinavyokua zinasukuma. Kwanza unaona povu. Halafu ganda. Halafu lipu inabomoka ikiwa unga. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anailaumu rangi, wa dukani anailaumu bahari. Wanakwangua haraka haraka, wanapaka tena juu ya unyevu ule ule. Mwaka unaofuata mchezo ni huo huo.

Kwa hivyo mnapouliza kwa nini nyumba za Mji wa Kale zinaonekana chakavu ingawa kila siku zinapakwa, jibu mara nyingi liko hapo.

Sasa tuje kwenye habari mnayoikumbuka. Mwaka 2018 serikali ya kaunti, wakati wa Gavana Hassan Joho, ilitoa agizo kwamba majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Palikuwa na kelele nyingi. Wengine walisema mji utapendeza kwenye picha, wengine wakauliza nani atalipa, wengine wakauliza kwa nini buluu. Mimi wakati huo nilikuwa mdogo, nilichokiona ni ngazi na ndoo kila kona.

Nikitazama nyuma, naona tulibishana kuhusu kitu rahisi tukaacha kigumu. Tulibishana rangi gani. Swali la chini ya hiyo rangi kuna nini halikupata nafasi yake kwenye mabishano yetu ya mtaani. Nyeupe si geni kwetu, nimeshakuonyesha, tulikuwa nayo zaidi ya miaka 500 iliyopita. Lakini nyeupe ya chokaa na nyeupe ya ndoo ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama kwenye simu zinatoka sawa. Fundi yeyote wa kweli atakwambia kazi ya rangi ni maandalizi, kupaka ni mwisho tu. Ukimwambia mwenye nyumba abadilishe rangi upesi, na mfukoni hana kitu, atakata wapi? Hatakata kwenye rangi, maana hiyo ndiyo inayoonekana. Atakata kwenye kusafisha.

Hapo utadhani nasema basi tukwangue kila kitu mpaka jiwe. La. Hilo nalo ni kosa, na pengine ni kubwa zaidi.

Nenda Fort Jesus. Ngome ile Wareno waliianza mwaka 1593, ikachorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ndani yake kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya askari wa Kireno, ya karne ya 17, waliyoichora kwa weusi wa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, makanisa, watu. Hawakuwa wasanii. Walikuwa vijana wako mbali na kwao, zamu ndefu, joto, wanachora ukutani vile vile wenzetu wanavyoandika majina yao nyuma ya viti vya matatu. Kwa mkuu wao pengine ilikuwa uchafu tu.

Fikiria kama mtu mmoja mwenye bidii, katika hiyo miaka yote, angeamua kuusafisha ule ukuta sawasawa kabla ya kupaka. Brashi ya waya na maji, saa mbili tu, basi. Leo tungekuwa na ukuta safi na hatuna meli hata moja.

Kila nyumba ya Mji wa Kale ina kitabu cha namna hiyo, ila kurasa zake zimebandikana. Kwangua kidogo tu pembeni mwa dirisha la zamani na unaweza kukuta kijani, chini yake maziwa, chini yake buluu ya mchekecho wa chokaa, chini yake nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kila tabaka ni harusi ya mtu, au Idi, au mpangaji mpya, au mwaka ambao biashara ilikuwa nzuri. Wataalamu wa kuhifadhi majengo wana njia yao: wanachagua sehemu ndogo iliyojificha, wanaondoa tabaka moja moja kama ngazi, wanapiga picha, wanaandika, halafu ndipo wanaamua. Kazi hiyo inachukua muda, lakini baada yake nyumba imeshakueleza ilivyokuwa.

Milango ndiyo inayoniuma zaidi. Ule mlango wa nakshi umepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka mpaka maua yake yamejaa, huoni jani wala mnyororo. Mwenyewe anataka kuuona mti. Anatafuta njia ya mkato: mashine ya kusaga, au magadi makali ya kuchoma rangi. Mashine inakula rangi, na inakula nakshi pamoja nayo. Magadi makali yanaingia kwenye nyuzi za mti, yanaubadilisha rangi, yanaulegeza. Fundi aliyeuchonga alitumia majuma mengi na patasi ndogo, na sisi tunaumaliza kwa mchana mmoja. Hakuna duka la kuuza nakshi ya zamani.

Sasa ile sababu niliyokwambia usionje.

Rangi nyingi za mafuta za karne iliyopita, dunia nzima, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi iliipa rangi weupe mzito, wekundu wa kuzuia kutu, manjano inayowaka. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Umoja wa Mataifa unazihimiza nchi zote ziweke kikomo cha sehemu 90 tu za risasi kwa kila milioni ya rangi. Lakini kikomo cha leo hakifuti tabaka la juzi. Lile la mwaka 1950 na kitu bado liko kwenye dirisha, limefunikwa tu. Likikaa limefunikwa limetulia. Ukilipiga msasa mkavu, unaligeuza vumbi.

Na sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa vumbi la risasi linafanya nini. Owino Uhuru iko hapo ng'ambo ya kisiwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya kijiji, watoto wakaugua, akina mama wakaugua. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, akapigana mpaka akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu ikasimama na wakaazi mwaka 2024. Vumbi la dirisha moja si sawa na kiwanda, najua. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, yule anayetambaa sakafuni kisha anatia vidole mdomoni. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Ukipiga msasa kwako, vumbi linaingia kwa jirani kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kwa hiyo, kama una ukuta au dirisha la zamani na Idi inakaribia, haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa fundi, mengine kwa kuharibu.

Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Bomba linavuja? Paa? Mfereji umeziba? Usiguse rangi kabla hujajibu hilo, maana ukuta unaolowa hausafishiki.

Pili, jaribu. Bandika gamutepu kwenye rangi ya zamani uibanduwe kwa nguvu. Ikija na rangi, hiyo rangi haistahili kubeba nyingine juu yake. Ondoa iliyolegea peke yake. Iliyoshika sawasawa iache, itakuwa kumbukumbu ya wajukuu.

Tatu, ukiona chumvi, usikimbilie maji. Hapa ndipo wengi tunachemsha. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, wiki ijayo unaiona tena. Ifagie ikiwa kavu kwa brashi laini, uikusanye uitupe, urudie mpaka ipungue.

Nne, kuvu ya kijani na nyeusi iuwe kwanza, kisha usugue na kusuuza. Ukiipaka juu ikiwa hai itatokeza tena. Na tafadhali usichanganye dawa ya kung'arisha nguo na asidi ya kusafishia choo, hewa yake inadhuru mapafu.

Tano, rangi ya mafuta ya zamani ichukulie kama ina risasi mpaka uthibitishe vingine. Lowesha kabla ya kukwangua, tandaza karatasi ya nailoni chini, vaa barakoa ya maana, usiichome kwa moto, watoto na paka wawe mbali. Funga maganda kwenye mfuko, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio. Na hapo namkumbuka nyanya na ufagio wake, akifagia uchafu wetu akiwa mkavu, na nyumba ile ina watoto.

Sita, mashine ya maji ya presha waachie waosha magari. Jiwe la matumbawe linachimbika.

Na ukiwa na ukuta wa chokaa ambao haujaguswa na plastiki, tafadhali, urudishie chokaa. Bado inapatikana, ni rahisi kuliko rangi, na mafundi wanaoijua bado wako, ingawa nywele zao nazo zimeshakuwa nyeupe. Kabla ya kazi kubwa nenda kaulize Makumbusho ya Taifa, wana ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, na ipo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Kuna wanaoiogopa ile ofisi kama askari. Mimi naona ni afadhali upate ushauri kabla ya kukwangua kuliko lawama baadaye.

Sisi vijana wanne tulirudi Kibokoni. Hatukuchukua video. Tulikwangua siku tatu, tukafagia chumvi siku nyingine mbili, tukangoja ukuta ukauke wiki kadhaa mpaka nikadhani umetusahau. Kwenye pembe moja chini ya plastiki yetu tukakuta chokaa ya buluu hafifu, na juu yake mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, yenye tarehe. Nyanya alipoiona akacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu ile masika. Ni urefu wa watoto wake, aliwapimia pale.

Tukaiacha pembe ile kama ilivyo. Kwengine kote tukapaka chokaa, kwa mkono, tabaka tatu. Masika imepita juu yake mara moja sasa, na nikiweka kiganja natoka na unga mweupe kidogo tu.

Wewe kwenu, chini ya hiyo rangi mmekuta nini?